Mwaka Damu Yetu Iliposifiwa

Wasifu wa marehemu ulisomwa na mwanawe mkubwa, Anatory, na alipofika pale aliposema kwamba baba yake "aliilinda damu ya ukoo wetu na kuipatia sifa hadi kwa wataalamu wa mbali," mate yalinijaa mdomoni. Nilikuwa nimeketi mkekani pamoja na wanawake wenzangu, jua la Kabanga linatuchoma visogo, na kutema mate mbele ya jeneza ni jambo ambalo hata mimi, kwa ulimi wangu huu, siwezi kulifanya. Nikameza. Watu walitikisa vichwa kukubali, padri naye akatikisa, kwaya ikajiandaa kuimba. Baba mkubwa Gervas alikufa mzee sana, kitandani kwake, amelishwa uji kwa kijiko na wajukuu, amepakwa mafuta matakatifu, amesamehewa kila kitu na padri ambaye hakuwahi kukosewa chochote. Kando yangu alikaa binamu yangu Domitila, mtoto wa Shangazi Merania aliyekuwa dada wa marehemu. Alikuwa ananyoosha pindo la kitenge gotini, ananyoosha tena, wala hakuinua uso. Sura hii naiandika kwa sababu ya wasifu ule. Uongo ukishasomwa kwa kipaza sauti mbele ya padri, mwenye kumbukumbu hana budi kuwaharibia watu chakula chao.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, nikapelekwa kwa Baba mkubwa kusaidia jikoni. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya mahali mabasi yanapogeuzia, karibu kabisa na mpaka wa Burundi, na kutwa nzima ulisikia makondakta, wabadilisha fedha, na wanawake wa ndizi na sabuni wakibishana kwa Kihangaza na Kirundi, lugha ambazo ukizisikia kwa mbali huwezi kuzitenganisha. Sebule ilipakwa rangi ya kijani hadi usawa wa kifua na kuendelea juu nyeupe, makochi yamevishwa vitambaa vya kufuma, na ukutani Bikira Maria alitazamana na kalenda ya mwaka uliopita. Vyumba viwili vya mbele alikuwa amewapangisha watafiti waliotoka mjini, wakiongozwa na mwanamke mmoja mpole, mwenye mikono safi kupita kiasi, tuliyemwita Dokta Salma. Walikuja kwa ajili ya virusi vya UKIMWI. Miaka ile Kagera ilikuwa imezika hadi watu wakaacha kuulizana marehemu alikuwa anaumwa nini, na dawa za kumeza kila siku zilikuwa bado hazijafika kwetu. Watafiti walitaka kujua jambo moja: kwa nini, katika watu wanaoishi na ugonjwa ule ule ndani ya nyumba ile ile, mwingine huambukizwa upesi, mwingine kwa kuchelewa, na wachache sana hawaambukizwi. Walihisi sehemu ya jibu imo katika yale mtu anayorithi kwa wazazi wake, ambayo siku hizi kila mtoto wa shule anayaita vinasaba.

Damu waliyochukua vijijini waliihifadhi katika masanduku ya barafu, na masanduku yalikaa sebuleni kwa sababu ndiko kulikokuwa na ubaridi. Kati ya masanduku na meza ya chakula palipita mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mimi na sahani zangu. Nilipitisha maini ya mbuzi juu ya damu ya majirani zangu, nikapitisha ndizi, nikapitisha maharage, huku chumba kinanuka dawa ya kuulia vidudu na mafuta ya kukaangia, harufu mbili ambazo mpaka leo zikikutana natoka nje. Wao walikula vizuri. Baba mkubwa alikula kuwapita, kwa maana tangu watafiti waje mbuzi walichinjwa mara kwa mara, na yeye kama mwenyeji alipewa figo na alizila kwa vidole, akilamba hadi kwenye kifundo cha mkono.

Shangazi Merania ndiye hasa waliyekuwa wanamtafuta, ingawa hawakumjua kabla ya kufika. Alikuwa amezika mume. Kisha akarithiwa na shemeji yake, kama ilivyokuwa desturi, akamzika na huyo, na akamzika pia mke wa kwanza wa huyo shemeji. Wote ugonjwa mmoja. Yeye alipimwa hospitali, akaambiwa hana. Akapimwa tena, hana. Ungedhani watu wangemshukuru Mungu, lakini wakwe zake walikaa kikao wakaamua kwamba mwanamke anayezika wote akabaki amenona lazima ni mchawi, wakamfukuza pamoja na binti yake Domitila. Kaka yake Gervas akampokea, na namna alivyompokea nitaieleza wazi: chumba nyuma ya jiko, palipokuwa pakiwekwa majembe, na kikombe chake peke yake, cha bati, ambacho hakikuruhusiwa kuoshwa pamoja na vyombo vingine. Ndugu wa tumbo moja. Nilikikuta kikombe hicho nilipofika, na siku Dokta Salma alipouliza kama kuna mtu hapa kijijini aliyeishi na wagonjwa na hakuugua, Baba mkubwa alisimama, akaenda jikoni mwenyewe, akamshika dada yake mkono, akamketisha kwenye kochi lenye kitambaa.

"Huyu hapa," alisema. "Dada yangu. Sisi ndivyo tulivyo."

Jioni ile Merania alinywea chai kwenye kikombe cha udongo chenye maua. Alikigeuza geuza mkononi akakiangalia chini, kama mtu anayeangalia bidhaa ya magendo, akaniambia taratibu, "Odilia mwanangu, sasa ndio tuogope."

Watafiti waliomba kueleza kazi yao kwa watu wote, wakapewa darasa la shule ya msingi. Nilikaa dirishani na Domitila. Dokta Salma alikuwa mwerevu, sitamnyima haki yake. Alimwomba mama mmoja ungo wa maharage ya mbegu. Kwetu Ngara hakuna mwanamke anayepanda maharage ya aina moja; tunachanganya ya njano, mekundu, meupe na ya madoadoa, tunayapanda shimo moja, na ukimwona mtu amepanda aina moja shamba zima ujue ni mgeni au ni mvivu.

"Ikizidi mvua, yapi yanaoza?" aliuliza.

"Haya meupe," akina mama walijibu.

"Na likiwa jua kali?"

"Meupe yanabaki. Haya makubwa mekundu ndiyo yanakauka."

"Kwa hiyo mnachanganya ili mvua, jua au ugonjwa ukija msikose yote."

"Ego," waliitikia, yaani ndiyo, wakicheka kwa kuona mtu wa mjini amefundishika.

Akasema watu nao ndivyo walivyo. Mungu amechanganya. Kirusi kikiingia katika kundi la watu hakimkuti kila mtu yuko sawa ndani, na ndiyo maana hakuna ugonjwa uliowahi kumaliza watu wote. Akasema pia, nami nililisikia kwa masikio yangu haya, kwamba hata ndani ya nyumba moja watoto hawafanani. Kila mmoja hupokea nusu kwa mama na nusu kwa baba, na hakuna anayechagua nusu ipi. Akasema mwisho kwamba kuwa mgumu kuambukizwa si sawa na kutoambukizwa. Alisema yote hayo darasani, siku hiyo moja, na hakuyarudia tena pale yalipohitajika.

Baba mkubwa alitoka pale na sehemu yake tu. Siku chache baadaye, mezani, aliwaambia wageni wake, "Tumeambiwa na wataalamu. Sisi ndio maharage yasiyooza." Watafiti wawili vijana waliokuwa wanakula walicheka kwa adabu. Hakuna aliyemsahihisha. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la mchuzi, na nakumbuka nilivyotamani liniponyoke kwenye mapaja ya mtu. Sifa zikaenea hadi Biharamulo. Wale wale waliokuwa wanavuka barabara wakimwona Merania wakaanza kumsalimia kwa mikono miwili. Wakwe zake waliomfukuza walituma salamu kwamba Domitila ni mtoto wao na asisahau kwao. Wazee walioanza kuja pale nyumbani walikuja na mshenga, na walichoulizia si heshima ya binti wala kama anajua kulima. Waliulizia kama ni wa nyumba ile ya damu nzuri. Domitila alikuwa na miaka ishirini, mwembamba, mcheshi, anaiga sauti za watu mpaka unashika mbavu. Miezi michache kabla hakuna kijana aliyekuwa anathubutu kumwomba maji.

Sasa ni lazima nieleze desturi moja, maana kila kitu kiliharibikia hapo. Kwetu, kabla ya kutoa binti au kupokea, mzee wa nyumba hutuma mpelelezi. Ni mtu mzima, asiyejulikana kijiji cha pili. Atajifanya anatafuta mbuzi aliyepotea au mbegu ya viazi. Atakunywa maji kwa huyu, atakaa kivulini kwa yule, na humo humo atauliza: ukoo ule una kifafa? Una ukoma? Una wazimu? Wanaume wao hupiga? Walizika nani hivi karibuni, na kwa nini? Mpelelezi akirudi na neno baya, posa hufa kimya kimya bila mtu kuaibishwa. Ni desturi ya watu wenye akili, na imeokoa wasichana wengi kuliko rozari. Baba mkubwa mwenyewe aliwapelelezea binti zake wote wanne. Aliacha kwa Domitila.

Mchumba aliitwa Pontian, mfanyabiashara wa mbao kutoka Kaniha, upande wa Biharamulo, mwenye lori. Alikuja wakati mvua zimeanza kukatika, amevaa koti la sufu lililofungwa vifungo hadi kooni ilhali sisi tunapepea. Alikuwa mtu mzima, amekonda usoni, amejipaka mafuta yenye harufu ya maua. Chungu cha pombe ya mtama kiliwekwa katikati ya wazee na kila mmoja akapewa mrija wake. Alipoinama kunywa, kola ilishuka, nikaona ukanda wa makovu unaopanda kutoka begani hadi nyuma ya sikio. Mkanda wa jeshi, ule upele wa malengelenge. Mwaka ule hapakuwa na mtoto wa Kagera asiyejua makovu yale mara nyingi yana maana gani kwa mtu wa umri wake. Sitaki nieleweke vibaya. Ugonjwa haukunitia kinyaa wakati ule wala sasa. Nimeosha wagonjwa wangu kwa mikono hii, nimewabadilisha mashuka, nimekula nao sahani moja. Kilichonitia kinyaa ni kwamba wazee wote pale waliona nilichokiona, na kila mmoja akarudi kwenye mrija wake.

"Mzee, sitaficha," Pontian alisema, na kweli hakuficha sana. "Nimesikia habari za nyumba hii. Nataka mke asiyekufa kufa. Nimechoka kuzika."

Wazee walicheka. Baba mkubwa alimpiga begani. "Umefika penyewe."

Shangazi Merania alisubiri wageni waondoke, akaja hadi mlangoni pa sebule, akapiga magoti kama dada anavyomheshimu kaka yake. "Kaka, tuma mtu Kaniha."

"Akapeleleze nini?"

"Akaulize wake zake walikufa nini. Wewe si uliwapelelezea wengine?"

"Mpelelezi hutumwa na mwenye hofu," alisema Baba mkubwa. "Kwetu hakiingii kitu. Ng'ombe wake ni wazima, lori lake zima. Inatosha."

Basi tulikwenda wenyewe, Shangazi na mimi. Tuliaga kwamba tunafuata mbegu, tukapanda basi alfajiri, tukashuka njia panda na kumalizia kwa baiskeli za kukodi, mimi nimeshika kiti cha mwendeshaji na roho mkononi. Kaniha ni nchi ya mashamba, mahindi hadi upeo wa macho. Tuliomba maji nyumba iliyopakana na ya Pontian. Mama mwenye nyumba alikuwa anapukuchua mahindi, akatusogezea vigoda, na tulipomwambia tunatafuta mbegu aliachia kicheko kidogo.

"Mama, mmekuja kupereleza," alisema, kwa matamshi ya wengi wa huko ambao r na l hubadilishana nafasi. "Mbegu mnazo kwenu. Ulizeni, sina ubaya na mtu."

Shangazi akauliza. Mama yule akanyoosha gunzi kuelekea migombani. "Mke wa kwanza yuko pale. Wa pili arikuwa mtoto wa kijiji cha Bisibo. Arirudishwa kwao mgonjwa mwaka jana, amefungwa kwenye baiskeri maana hawezi kukaa. Hatujasikia tena." Akaendelea kupukuchua. Kisha akasema, bila kutuangalia, "Kuna binti anakuja, wanasema hashiki ugonjwa. Ni kweri kuna watu kama hao?"

Shangazi Merania alisema, "Mimi hapa. Na sijui kwa nini."

Tukarudi. Alipofika hakuvua hata kanga ya safari. Aliwakuta wazee mezani, kaka yake akiwa na mkono ndani ya bakuli la nyama, na Dokta Salma na wenzake upande wa pili wa meza ile ile, akayasema yote: kaburi la migombani, binti wa Bisibo aliyefungwa kwenye baiskeli, makovu ya shingoni. Alisema kwa Kiswahili, ili watafiti wasikie. Baba mkubwa alimaliza kutafuna kwanza. Sikuwahi kuona mtu anatafuna kwa utulivu ule.

"Wewe ulilala na wagonjwa wawili," alisema. "Ukauguza watatu. Uko wapi sasa?"

"Niko hapa."

"Ungekuwa umekufa, ningekusikiliza."

Nilimtazama Dokta Salma. Alikuwa anachambua mwiba kwenye samaki. Nilimfuata kesho yake asubuhi, wakati anajaza barafu masandukuni, nikamwambia, "Shikamoo Dokta. Mwambie mzee kwamba Domitila siyo mama yake. Ulisema darasani kwamba mtoto hupokea nusu nusu."

"Marahaba. Odilia, siwezi kusema habari za damu ya mtu mmoja. Na kusema kweli bado hatujui. Damu inapelekwa mbali, majibu ni baada ya miaka."

"Basi mwambie hivyo hivyo. Mwambie hamjui."

Alifunga sanduku. "Nitaonekana naingilia ndoa za watu."

Lingeishia hapo ningesema ni woga, na woga ni wa binadamu wote. Lakini mchana, nikiondoa vyombo, nilisikia wanaongea kwa Kiingereza, wakidhani msichana wa jikoni hana masikio ya Kiingereza. Kijana mmoja alisema labda kweli wamweleze mzee. Dokta Salma akajibu kwamba mzee akikasirika watakosa ukoo mzima, kazi ya miezi yote ipotee. Kisha akaniomba, kwa Kiswahili kizuri na tabasamu, chumvi kidogo. Nilimpa. Nikaiweka taratibu kando ya sahani yake, kama nilivyofunzwa.

Shangazi Merania naye hakula tena kwa kaka yake. Kwetu kukataa chakula cha ndugu ni tusi linalozidi matusi ya mdomoni, na alilitoa kila siku, mchana kweupe: alikuwa anapita mbele ya meza ile wakati wa kula, anakwenda kwa jirani, anarudi anajifuta mdomo. Baba mkubwa akasema wanawake wakizeeka huwa hivyo.

Nimemwacha Domitila hadi sasa kwa sababu sehemu yake ndiyo inayoniuma. Tulilala chumba kimoja, kile cha majembe, na mchana mmoja alikuwa anapiga pasi ya mkaa gauni la kuvaa kutambulishwa. Nilimwambia yote tena. Nikamwambia akatae, tukimbilie kwa masista wa parokiani, watampokea. Alipuliza mkaa, majivu yakaruka, akayapangusa kwenye gauni kwa uangalifu.

"Odi, mimi nimeitwa mtoto wa mchawi tangu nikiwa na miaka kumi na tano," alisema. "Sasa wananiita damu nzuri. Niache niolewe na jina hilo."

"Mkanda wa jeshi uliuona?"

"Niliuona."

"Na bado?"

"Mama aliwalaza kifuani wote wawili. Angalia mikono yangu. Angalia meno. Kila mtu anasema mimi ni mama mtupu."

"Kufanana sura siyo kufanana damu, Domi. Dokta mwenyewe alisema."

"Dokta amekaa hapa, anasikia habari za harusi kila siku, na hajasema neno," alinijibu. "Kama kungekuwa na hatari, mtu aliyesoma vile angenyamaza?"

Watu wanapenda kusema wasichana wa zamani walikuwa wajinga. Domitila hakuwa mjinga. Alipima ukimya wa watu wazima akaamini kwamba una maana njema.

Waliozwa kanisani kiangazi. Baba mkubwa alicheza, tumbo linatangulia. Watafiti walialikwa, wakaketi mstari wa mbele na soda zao. Pontian alisimama madhabahuni ndani ya koti lile lile, na alipoulizwa kama anampokea Domitila katika afya na maradhi aliitikia kwa sauti kubwa. Kabla ya Krismasi alikuwa amekufa. Lori lilichukuliwa na kaka zake, na Domitila akarudi kwetu na begi moja. Alipopimwa alikutwa ameambukizwa. Alinieleza tukiwa tumekaa kwenye kizingiti cha jiko, na kwa mara ya kwanza hakuiga sauti ya daktari wala ya mtu yeyote. Aliongea kwa sauti yake mwenyewe, ndogo.

Nilidhani sasa Baba mkubwa ataona aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mficha aibu kama yule hana cha kumuumbua. Alikaa na wazee wake siku mbili tatu, akatoka na maelezo: "Ni damu ya baba yake. Kwetu ni kuzuri, lakini mwanamke akichanganya na ukoo mchafu, unaona." Wazee wakakubali, na Domitila akapewa kile kikombe cha bati cha mama yake.

Ndipo Dokta Salma akaja kwenye chumba cha majembe, na kilo mbili za sukari na mche wa sabuni. Aliketi kwenye kigoda, akasema pole, na naamini pole ilikuwa ya kweli, maana macho yalikuwa mekundu. Kisha akasema kwamba mama asiyeambukizwa na binti aliyeambukizwa, wa damu moja, ni jambo la maana sana kwa utafiti, na kama Domitila angekubali wangependa kuchukua damu tena. Nilisimama ili nimtoe nje kwa mkono. Shangazi Merania alikuwa ameshaichukua ile sukari, anaimimina kwenye ndoo ya nguruwe, polepole, hadi mfuko ukaisha. Domitila akakunja mkono wa blauzi.

"Chukueni," alisema. "Ila safari hii mkijua, mseme."

Walichukua, wakahama, na hawakurudi. Labda walijua kitu huko walikokwenda, labda hawakujua. Shangazi Merania alikufa miaka mingi baadaye kwa presha, bila mtu kumwambia ndani yake kulikuwa na nini. Domitila aliugua hadi tukamshonea sanda, kisha dawa zikafika, kisha akanyanyuka. Alinunua shamba Bisibo, amelima, amesomesha watoto wawili wa ndugu. Anameza kidonge chake kila asubuhi. Mvi zake ni nyingi kuliko zangu.

Siku ya pili baada ya mazishi ya Baba mkubwa tulikuwa bado tumekaa matangani, tunakunywa uji. Wageni kutoka upande wa Biharamulo walikuwa wamekuja kutoa pole, na kila mtu alijua pole ile imebeba neno jingine, maana kijana wao alikuwa anamtaka Neema, binti wa Anatory, ambaye muda huo alikuwa anapita na birika la chai. Anatory aliketi kwenye kiti cha baba yake. Akakohoa kama baba yake.

"Nyie ni watu wazima, hatuna haja ya kupelelezana," alimwambia baba wa kijana. "Ukoo wetu unajulikana. Hata wataalamu waliwahi kuthibitisha. Kwetu hakiingii kitu."

Nilikuwa nafungua mdomo, na Mungu anajua ningesema nini, wakati Domitila aliposimama mkekani, akajishika kiuno kilichomkaza, akatembea hadi katikati ya wanaume. Akafungua pindo la kitenge, akatoa kidonge, akamwomba Anatory maji. Anatory akatazama pembeni. Mgeni ndiye aliyempa, kutoka kwenye glasi yake. Domitila akameza mbele yao, akarudisha glasi kwa mikono miwili.

"Asante, shemeji. Mimi ndiye damu ya ukoo huu," alisema. "Kijana wenu amepima lini?"

Anatory akasema, "Dada, tuko msibani." Mgeni alikuwa bado ameshika ile glasi, anaiangalia.

"Hatujamuuliza," alisema mwishowe.

Neema akaweka birika chini. "Baba, muulizeni," alisema. "Na mimi mnipeleke nikapime." Akaja akaketi kando ya Domitila, akanyoosha miguu mkekani kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote, akawatazama wazee akisubiri.